Meza Juu ya Kioo

Saa mbili na robo asubuhi mwenye pikapu waliyoikodi kubeba meza alipiga simu kusema gia zimekufa. Hakusema pole, wala hakusema atamtafuta mwenzake. Alisema tu gia zimekufa, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa jirani, akakata.

"Kasemaje?" mume aliuliza kutoka karakana, ambayo kwa kweli ilikuwa ni kona ya ua iliyoezekwa mabati.

"Haji," mkewe alijibu.

"Anachelewa?"

"Nimesema haji, baba. Gia zimekufa."

Seremala akaweka randa chini. Alikuwa mtu mrefu mwembamba, mwenye vumbi la mbao kwenye kope hata siku za mapumziko. Mkewe alikuwa fundi wa kushona, na tangu shule ya msingi watu walimwita Mashoto, kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, na hakuna mwalimu wala fimbo iliyowahi kumbadilisha.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Mashoto alikuwa amepata chumba namba tisa katika jengo jipya la maduka, baada ya kusubiri kwenye orodha mwaka mzima na miezi sita. Karatasi ya masharti ilisema mpangaji awe ameingia na kifaa chake kikuu cha kazi kabla ya saa sita mchana wa siku ile. Asipoingia, chumba anapewa anayefuata. Cherehani zake mbili zilikwisha kupelekwa jana, lakini msimamizi wa jengo alizitazama akatikisa kichwa. "Mshonaji bila meza ya kukatia ni mtu aliyekuja kukaa tu," alisema. Na anayefuata kwenye orodha alikuwa msusi mmoja mcheshi mno, ambaye jana alipiga simu mara mbili kumuuliza Mashoto kama ana hakika kweli.

Meza ilikuwepo. Urefu mita mbili, upana mita moja na sentimita kumi. Seremala aliimaliza usiku uliopita, akaizungushia shuka la maua na kumkataza mkewe asilifunue. "Utaiona tukifika," alisema, na kila alipoulizwa zaidi alijifanya ana msumari mdomoni.

"Ifungue miguu basi," Mashoto alisema sasa. "Tuipakie vipande vipande."

Mume akamtazama kana kwamba ameambiwa amfungue miguu mama yake mzazi. "Haifunguki. Hakuna parafujo hata moja pale. Ni ulimi na tundu, na gundi. Parafujo ni uvivu."

"Uvivu! Leo uhodari wako utaninyang'anya chumba."

Seremala akatazama barabarani. Alipangusa mikono kwenye suruali, akasema polepole, "Kuna gari la kaka."

Mashoto akacheka kwa hasira. "Gari la kaka yako lina paa la kioo!"

*

Kaka mtu alikuwa mstaafu wa posta. Miaka thelathini na miwili alichambua barua za watu, na alipolipwa kiinua mgongo alinunua gari moja tu, kuukuu lakini safi, ambalo paa lake karibu lote lilikuwa kioo. Mtaani walimtania kwamba siku ya kutengeneza gari lake mabati yaliisha kiwandani. Wakamwita Bwana Kioo. Mwenyewe hakujali. Miaka thelathini na miwili alifanya kazi chumba kisicho na dirisha, alisema, sasa anataka kuona mbingu akiwa amekaa. Usiku aliliwekea gari blanketi juu, na paka walioota jua pale aliwajua mmoja mmoja.

Alipofika na kuelezwa, alilizunguka gari lake lote.

"Shemeji," alisema hatimaye, "ninyi mnataka kuweka meza juu ya kioo changu."

"Si juu ya kioo, shemeji," Mashoto alisema. "Juu ya gari."

"Na kati ya meza na mimi kutakuwa na nini?"

Mashoto alitazama kioo, kisha meza. Alisimama na nguo yake mpya, aliyojishonea kwa ajili ya siku ile, na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida yake. Aliona mwaka na nusu unayeyuka. Alitaka kulia, akaona haya kulia mbele ya shemeji.

Mama mkwe, aliyekuwa akinywa chai kizingitini, ndiye aliyesema. "Mwanangu, wewe una kitabu cha gari. Unakisoma kila siku kama barua ya mapenzi. Kinasemaje?"

Bwana Kioo akakohoa. Alikwenda kwenye gari, akatoa kitabu kwenye kidroo, akaufungua ukurasa aliokwisha kuukunja. Kitabu kilisema paa linaweza kubeba kilo sabini na tano, mbao za kubebea zikiwa ndani ya hesabu hiyo. Uzito wote ukae kwenye kingo za bati juu ya milango. Kioo kisiguswe, kisiegemewe, na kisifunguliwe mzigo ukiwa juu. Mzigo ufungwe pia mbele na nyuma. Aliyasoma yote kwa sauti, na alipofika mwisho ilionekana hata yeye ameshangaa kwamba halikuandikwa neno "hapana".

"Kilo sabini na tano," alirudia. "Meza ina ngapi?"

"Sitini," Seremala alisema.

"Umepima?"

"Nimeibeba."

"Mgongo wako si mizani, mdogo wangu."

Basi meza ikapelekwa kwa muuza mkaa ng'ambo ya barabara, ikasimamishwa kwenye mizani yake, na shuka lake la maua likapata vidole vyeusi. Kilo sitini na moja. Muuza mkaa akauliza kama wanaiuza kwa kilo. Seremala hakucheka, lakini mkewe alicheka, na huo ukawa mwanzo wa yeye kupumua.

"Zimebaki kumi na nne," Bwana Kioo alisema. "Mbao zenu na mikanda yenu visizidi hapo. Na kioo kikipata hata mstari mmoja, shemeji, hata wa unywele, mimi na ninyi tutasalimiana kwa barua."

*

Ilikuwa saa tatu kasoro. Mama mkwe alimaliza chai yake, akafungua mlango wa mbele wa gari, akaketi na kujifunga mkanda. Aliwahi kuachwa nyumbani siku ya harusi moja kwa sababu gari lilijaa, na tangu siku hiyo hakusubiri kuitwa.

"Mama, bado saa mbili nzima," Seremala alimwambia.

"Mimi nipo. Nyinyi fanyeni kazi."

Mashoto alipanda juu ya kigoda na chaki yake. Alizunguka kioo chote kwa mstari mweupe, sawasawa anavyochora kiolezo juu ya kitambaa, kisha akaandika pembeni: USIGUSE. Nje ya mstari alipima ukingo wa bati, upana wake vidole vinne tu kila upande. Akaingia nyumbani, akashona kwa mkono mito minne midogo, akaishindilia mabaki ya vitambaa mpaka ikawa migumu kama viazi, na chini ya kila mmoja akaweka kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli ili usiteleze.

Mumewe naye alichukua mbao mbili, akazikata na kuziranda ziwe na mgongo ulioinuka kidogo katikati. Zilipokalia ile mito, kati ya mbao na kioo ulibaki upenyo wa vidole vitatu. Bwana Kioo alipitisha vidole vyake mwenyewe, kwenda na kurudi, mara mbili. Kisha blanketi alilokuwa ameshalitoa kukinga kioo akalirudisha kwenye buti.

Kuipandisha meza walisaidiwa na muuza mkaa na mizaha yake. Walilaza uso wake chini na miguu juu, ikaelekea mbinguni kama ya mbuzi aliyechoka. Kwa kamba walifunga mbele na nyuma kwenye vyuma vya kuvutia gari. Kwa upande wa ubavuni Mashoto alitoa utepe mpana anaoshonea mikanda ya mabegi ya shule. "Mtoto anavuta utepe huu miaka sita, haukatiki," alisema. "Utakatikaje kwa safari moja?"

Sasa sikiliza kosa, maana kosa lilikuwepo. Seremala yeyote, kabla hajakaza vibano kwenye kabati, hufunga kwanza milango yake yote. Asipoifunga, fremu itapinda. Mkono umeshazoea, hauulizi kichwa. Kwa hiyo mume akazunguka gari, akafunga milango minne, pa, pa, pa, pa, akateremsha vioo vya madirisha, akapitisha utepe dirisha hili akautolea dirisha lile, akazungusha, akakaza, akafunga mafundo ya juu kwa nguvu zake zote. Kazi safi kabisa. Bwana Kioo akaitikisa meza, gari zima likatikisika nayo, meza isisogee hata nukta.

"Hapo sawa," alisema, akashika kitasa cha mlango wake. Mlango ukakataa.

Walitazamana. Muuza mkaa ndiye aliyeelewa wa kwanza, akakaa chini barabarani ili acheke vizuri.

"Milango imefungwa na utepe," Mashoto alisema.

"Fungua uanze upya," Bwana Kioo alimwambia mdogo wake.

"Saa ngapi?" Mashoto aliuliza.

Ilikuwa saa tano na dakika tano.

Mama mkwe, ndani ya gari, aligeuza shingo. "Mimi niko ndani tayari," alisema. "Nani mwingine anakuja?"

Hivyo ndivyo mstaafu wa posta, mtu wa shati la kola na kalamu mfukoni, alivyoingia kwenye gari lake mwenyewe kwa dirishani, miguu kwanza, huku mtaa mzima ukimhesabia. Mashoto alifuata nyuma, ameshika pindo la nguo mpya kwa meno. Mumewe aliingia wa mwisho, na kwa wembamba wake ilikuwa kama kuingiza uzi tunduni.

*

Walikwenda mwendo wa mzee anayetoka hospitali. Kwenye kila tuta Bwana Kioo alisimama kabisa, akapanda gurudumu moja moja. Mama mkwe aliushika utepe uliopita juu ya kichwa chake, akatazama juu kwenye kioo na kutoa taarifa. "Mzigo upo. Mzigo bado upo. Shuka linapumua."

Walipotoka mitaani na kuingia barabara pana, gari likaanza kulia. Vuuuum. Sauti nene ilitoka juu, ikaingia kwenye viti na kwenye meno.

"Kinapasuka!" Bwana Kioo alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Kioo changu kinapasuka!"

Alisogea pembeni na kusimama. Sauti ikakoma. Seremala akatoka kwa dirishani, akakagua kila mto na kila mbao. Upenyo wa vidole vitatu ulikuwa pale pale.

"Ni utepe," Mashoto alisema ghafla. "Ni mpana, upepo unaupiga. Vibanda vya sokoni hulia hivi hivi. Usongoe!"

Seremala alichomeka kijiti chini ya kila utepe, akausongoa mara tatu, akakifunga kijiti. Utepe ukakaza mpaka mafundo yakazama ndani yake.

"Na hilo shuka litoe," kaka yake aliamuru. "Linajaza upepo, litainua meza."

"Aa, liache tu, kaka. Si kitu."

"Litoe nimesema!"

"Tukifika nitali..."

"Gari la nani hili?"

Seremala alichomoa pini moja moja, taratibu, kama anayeahirisha. Alilegeza vijiti, akalivuta shuka lote, akasongoa tena, akarudi dirishani nalo, akalikunja mapajani akitazama nje. Gari likaondoka, kimya safari hii. Mashoto aliegemeza kichwa kwenye kiti, akainua macho.

Juu yake, nyuma ya kioo, uso wa meza ulikuwa mtupu na mwanga wa mchana umeingia ubavuni. Kando ya ukingo mrefu kulikuwa na mistari midogo iliyochomwa kwa chuma cha moto, mamia ya mistari, sawasawa kabisa, na kila baada ya kumi kulikuwa na namba. Kumi, ishirini, thelathini, mpaka mia mbili. Alikuwa amempimia meza nzima.

"Lo!" alisema mama mkwe, ambaye naye alikuwa akitazama. Aliisoma kwa kidole. Kisha akasonya. "Lakini mwanangu, umekosea. Namba hizi zinaanzia kulia. Sifuri iko kulia, mia mbili kushoto. Nani anapima hivyo? Masikini, kazi yote ile!"

Bwana Kioo akatupa jicho juu kidogo. "Kweli. Imekwenda kinyume."

Seremala aliendelea kutazama nje. "Haijakwenda kinyume," alisema.

"Mimi naona kwa macho yangu."

"Mama, wewe umekaa na mkwe wako miaka kumi na moja. Anakata kwa mkono gani?"

Gari lilipanda tuta, likashuka. Mashoto alikumbuka tepu zote alizowahi kuzisoma miguu juu kichwa chini. Fundi aliyemfunza akimpiga kwa rula vifundoni na kumwambia mkono huo ni wa kosa. Miaka yote ya kuhesabu namba kwa kuzigeuza kichwani huku mteja akisubiri. Hakuwahi kumlalamikia mumewe hata siku moja, kwa sababu hakudhani ni jambo la kulalamikia. Kumbe mtu alikuwa akimwona.

Akalia basi. Alilia wazi, mdomo umefunguka, na safari hii hakuona haya ya shemeji wala ya mama mkwe.

"Sasa unalia nini?" mumewe alisema kwa woga. "Hujaipenda?"

"Nyamaza wewe," Mashoto alisema, akaushika mkono wake wenye vumbi.

*

Walifika saa sita kasoro dakika saba. Msusi alikuwa mbele ya chumba namba tisa na viti viwili vya saluni na kioo kirefu, na alikwisha kufagia kizingiti. Msimamizi wa jengo alisimama karibu naye, faili kwapani, anatazama saa yake ya mkono.

"Mpangaji ashuke," msimamizi alisema. "Aingie na kifaa chake."

Mashoto alitoa kichwa dirishani, kisha mabega. Kisha nguo mpya ikang'ang'ania kitasa, na mpangaji wa chumba namba tisa akabaki nusu ndani nusu nje, kama nguo iliyoanikwa. Watu wa maduka mengine walitoka kutazama. Alitamani ardhi ipasuke.

Msusi alimtazama huku amekunja mikono. Midomo ilimcheza. Alijitahidi sana, akashindwa, akaangua kicheko kilichosikika ghorofa ya tatu. "Jamani! Mwanamke mwenzangu!" alisema, akaja akamkumbatia kiunoni na kumvuta. Walianguka wote wawili juu ya kizingiti alichokifagia.

"Dakika nne," alisema msimamizi.

Seremala, aliyekwisha kuchomoka dirishani, alikuwa anapigana na mafundo. Hayakulegea hata kidogo. "Mkasi!" alisema. "Mkasi uko wapi?"

Mkasi ulikuwa kwenye mkoba wa mkewe. Huo ni mkasi wa kitambaa, na kila anayeishi na mshonaji anajua mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine. Siku moja Seremala aliwahi kuutumia kukatia msasa, wakanuniana siku tatu. Sasa aliuchukua bila kuuliza, akabana utepe, mkasi ukatafuna tu. Ulikuwa mkasi wa mkono wa kushoto. Mkono wake wa kulia haukuujua.

"Lete hapa," Mashoto alisema. "Nyinyi shikeni meza kwanza. Kila mguu na mtu wake!"

Seremala akashika mguu mmoja, Bwana Kioo akaegemea dirishani kutoka ndani akashika wa pili, msusi wa tatu. Mguu wa nne haukuwa na mtu.

"Baba, na wewe," msusi alimwambia msimamizi.

"Mimi ndiye ninayetazama saa."

"Itazame umeshika mguu!"

Msimamizi akaweka faili chini. Mashoto alipanda kwenye ukingo wa gurudumu, akapeleka mkono wa kushoto, akakata utepe wa kwanza, akakata wa pili, akakata kamba. Milango ikaachia. Bwana Kioo akatoka mlangoni kwake kama bwana, na wanne wakaiinua meza juu kabisa ya mstari wa chaki, wakaigeuza ubavu, wakaipitisha mlangoni, wakaisimamisha chini ya dirisha. Msimamizi akahema, akatazama saa.

"Sita kasoro moja," alisema. Akaandika.

Msusi alikwenda kukunja viti vyake. Mashoto alimfuata. "Inasemekana mwenye chumba namba kumi hajalipia," alimwambia. "Acha viti vyako hapa mpaka ujue. Na nikukatie aproni, kazi ya kwanza. Hii ni zawadi."

Nje, Bwana Kioo alikuwa amepanda kigoda cha kuazima anapangusa chaki kwa leso, akikagua kioo toka pembe hata pembe. Hapakuwa na mstari. Ndani ya gari, mama mkwe alikuwa bado ameketi, amefungwa mkanda, amelaza kichwa nyuma.

"Mama, shuka basi. Mlango unafunguka sasa."

"Niache kidogo," alisema. "Miaka yote hii nalipanda gari hili, leo ndiyo kwanza nimetazama juu. Kumbe kuzuri."

Chumbani Mashoto alitandaza kitambaa cha bluu mezani. Aliusogeza ukingo wake mpaka kwenye sifuri, kulia, na namba zikamjia mkononi zimesimama wima, zinasomeka. Alishika mkasi. Kisha akauweka chini, akavua tepu shingoni, ile aliyoivua kitandani tu, akamvisha mumewe.

"Kaa nayo wewe," alisema. "Unipimie mashelfu."